Nimemwandikia marehemu dada yangu kifo kingine, na binti yake amekiamini

BARUA YA MSOMAJI

Mama mshauri,

Ninakuandikia kutoka Bukavu. Nina umri wa miaka 34, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima nimekuwa mwandishi wa habari wa redio. Ninaomba usilitaje jina langu wala la redio, kwa sababu sauti yangu inajulikana mjini na mambo haya yanamgusa pia shemeji yangu, ambaye si mtu mbaya.

Dada yangu mkubwa alikuwa akiuza vitenge. Alikuwa na meza katika soko la Kadutu, hapa mjini, lakini alizoea kusema kwamba faida iko kwenye masoko ya vijijini, na kwa hiyo Alhamisi alikuwa akienda Nyamukubi, katika wilaya ya Kalehe, soko ambalo watu huliendea wakishuka milimani na wengine wakivuka Ziwa Kivu kutoka kisiwa cha Idjwi. Alhamisi ya tarehe 4 Mei 2023 alikuwa huko. Sina haja ya kukusimulia mvua ya mchana ule, mito iliyofurika ghafla, na mawe yaliyoporomoka pamoja na matope, yakapita juu ya nyumba na soko hadi ziwani. Nilitumwa kuripoti. Nilikwenda na kinasa sauti begani, nikawahoji walionusurika, nikasimama mbele ya miili iliyofunikwa blanketi nikiuliza idadi, nikatuma ripoti zangu kwa wakati, na muda wote huo nilikuwa nikimtafuta dada yangu bila kumwambia mtu yeyote. Hakuonekana. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja kabla ya kutambuliwa, na miili mingine iliokotwa ikielea ziwani hadi upande wa Idjwi. Labda alikuwa mmoja wao. Labda bado yuko chini ya mawe yale. Matanga tuliyafanya bila jeneza.

Mwanzoni niliendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha nikaanza kuamka saa nane za usiku na kukaa macho hadi kunakucha. Chakula kikakosa ladha, wageni wakanichosha, hata kuzungumza na rafiki zangu kukawa mzigo. Mvua ikianza kupiga mabati, ninatoka nje na tochi ya simu kwenda kuangalia mtaro ulio nyuma ya nyumba, hata yakiwa manyunyu tu, na sirudi kitandani mpaka ikatike. Siku moja nikiwa hewani nilifika kwenye habari fupi ya mafuriko ya nchi nyingine, sauti ikakataa kutoka, fundi mitambo akaweka muziki. Mhariri wangu, kwa wema wake, alinihamishia kwenye kazi ya kuandaa habari zinazosomwa na wengine, na tangu hapo sijasoma taarifa. Katika kituo cha afya cha mtaani walinipa vidonge vya usingizi. Mchungaji wetu aliniombea. Ninawashukuru wote.

Kilichonisaidia ni daftari. Dada yangu aliacha daftari lake la madeni, ambalo wenzake wa Kadutu walituletea. Kwenye kurasa za kushoto, kwa mwandiko wake ulioinama, ameandika nani amechukua vitenge vingapi na nani amelipa nusu. Kurasa za kulia aliziacha wazi kwa ajili ya malipo ambayo mengi hayakufika. Usiku mmoja nilianza kuandika kwenye kurasa za kulia. Nilidhani ninaandika barua, ikageuka hadithi. Ndani yake yupo mwanamke mwenye jina lingine, muuza nguo, ambaye anaugua, anapelekwa hospitalini, anawaita watoto wake mmoja mmoja na kuwaachia neno, halafu anafariki alfajiri mdogo wake akiwa amemshika mkono. Anaoshwa, anavalishwa kitenge alichokipenda, anazikwa, na kaburi lake lina msalaba wenye jina. Mimi, ambaye kazini sikubali habari itoke kabla ya kuthibitishwa na watu wawili, nimejaza daftari zima kwa mambo ambayo hayakutokea. Na usiku ninapoandika, ninalala.

Watoto wawili wa dada yangu ninaishi nao mimi, kwa sababu baba yao anafanya kazi Kamituga kwenye dhahabu na huja anapopata nafasi. Msichana ana miaka 13, mvulana ana 7. Msichana alilikuta daftari, akautambua mwandiko wa mama yake, akalifungua, na akasoma pande zote mbili. Alikuja jikoni nikiwa ninachambua sombe akaniambia: «Mama mdogo, kumbe ulikuwepo.» Sikumjibu. Siku chache baadaye nilimsikia chumbani akimsimulia mdogo wake jinsi mama alivyomwekea mkono kichwani na kumwambia asome kwa bidii. Yule mdogo akauliza kaburi liko wapi. Dada yake akamwahidi kwamba atapelekwa.

Shemeji alipokuja, mvulana alimwomba wampelekee mama maua. Ndipo yote yakajulikana. Shemeji alisoma kurasa chache akasema nimechukua kilio cha familia nikakifanya masimulizi ya kuuza, na kwamba daftari lichomwe kabla hajarudi tena. Mwenzangu wa kazi aliyeko Goma, ambaye nilimtumia sura tatu, anasema nisithubutu, kwamba nimalize na yeye atanikutanisha na mchapishaji wa Kinshasa. Msichana ananisihi nisibadilishe hata neno. Nikimwambia ukweli, ninaogopa nitamfanya afiwe mara ya pili. Nikiacha kuandika, ninaogopa kurudi nilikokuwa. Na kuna hofu nyingine ambayo sijamwambia mtu: nimebakiza sura moja, na kila nikitaka kuianza ninaona ni afadhali nisiimalize kabisa. Nifanye nini?

Mama Mdogo, Bukavu

JIBU LA MSHAURI

Mama Mdogo mpendwa,

Pole kwa msiba, na pole kwa namna ulivyoubeba, ukiwa na kinasa sauti begani na swali ambalo hukuweza kumwuliza mtu kwa sauti. Barua yako imeandikwa na mtu anayejua kazi yake: tarehe ipo, mahali papo, kila mmoja amepewa nafasi ya kusema lake, hata shemeji ambaye amekuumiza. Mtu mmoja tu umempitia haraka, naye ni wewe mwenyewe. Usingizi, chakula, mvua, sauti iliyokatika hewani, yote hayo umeyaweka katika aya moja, ukamaliza kwa kuwashukuru watu. Nitarudi hapo, kwa sababu mimi sioni kwamba hayo ni utangulizi wa tatizo lako.

Kama nimekuelewa, unaniuliza mambo mawili, kumwambia mtoto ukweli na kuendelea au kutoendelea na kitabu, lakini ninavyoyasoma mimi, yote yamefungwa pamoja kwa sababu daftari moja limepewa kazi nyingi mno. Ni dawa yako ya usingizi. Ni kaburi la dada yako. Kwa msichana limekuwa ushahidi wa mama yake alivyokufa. Kwa mwenzako wa Goma ni kitabu kinachosubiri mchapishaji, na kwa shemeji yako ni kosa lililofanywa nyuma yake. Hakuna daftari linaloweza kuzifanya kazi zote hizo bila moja kuiharibu nyingine. Sikwambii uache ipi. Ninachokuomba ni tuzitazame moja moja, na tujiulize kama kila kazi ni lazima ifanyiwe humo humo.

Nianze na neno ambalo hukulitumia lakini limekaa nyuma ya barua yako yote, yaani uongo. Unajiona kama mwandishi wa habari aliyeisaliti kazi yake kwa kuandika yasiyotokea. Hebu fikiria ripoti ulizotuma kutoka Kalehe. Zilikuwa sahihi, sina shaka: zaidi ya watu 400 walihesabiwa kuwa wamekufa katika siku zile, maelfu wakatajwa kuwa wametoweka, serikali ikaifanya tarehe 8 Mei kuwa siku ya maombolezo ya taifa. Katika ripoti hizo hapakuwa na mahali pa kusema kwamba anayezungumza anamtafuta dada yake. Kila neno lilikuwa kweli, na wewe hukuwemo. Katika hadithi mambo yamegeuka: karibu hakuna kilichotokea, na wewe umo tangu mwanzo hadi mwisho. Huenda ndiyo maana hadithi imekupa nafuu ambayo taarifa haikuweza kukupa. Anayesoma riwaya akijua kwamba ni riwaya hadanganywi. Msichana wako hakujua. Alifungua daftari ambalo, mpaka siku ile, kila kilichoandikwa ndani yake kilikuwa kweli hadi franki ya mwisho, kwa mwandiko wa mama yake, na kando yake akakuta mwandiko wako. Kwa hiyo mimi singeshughulika na uhalali wa kubuni. Ningeshughulika na mlango ambao mtoto huyu ameingilia.

Na je, una uhakika kwamba ameamini? Mwaka 2023 alikuwa mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja, mkubwa wa kutosha kuona matanga yasiyo na jeneza, katika mji ambao kwa majuma kadhaa redio zote, pamoja na yako, zilikuwa zikitaja Nyamukubi na kijiji kingine kilichoangamia, Bushushu. Mtoto wa umri huo hasahau Alhamisi ambayo mama yake hakurudi. Inawezekana kabisa kwamba anaujua ukweli kama unavyoujua wewe, na kwamba alipokwambia «kumbe ulikuwepo», alikuwa akikuomba umwachie hadithi hiyo kwa muda, au alikuwa akikupima aone kama hatimaye mtu mzima atafungua mazungumzo. Inawezekana pia kwamba ameamini kweli kweli. Kutoka hapa nilipo siwezi kujua, na wewe pia hutajua kwa kukisia. Ndiyo maana nisingeanza kwa kumwambia, ningeanza kwa kumwuliza: unakumbuka nini kuhusu Alhamisi ile? Halafu unyamaze umwache aseme, hata akikaa kimya muda mrefu. Wewe umewahoji watu wengi waliofiwa, unajua kwamba kimya hakijazwi haraka.

Hatari ipo. Anaweza kukasirika, akahisi umemnyang'anya kitu alichokuwa ameanza kukishika. Anaweza kuacha kuzungumza nawe kwa siku kadhaa. Lakini si lazima umpokonye hadithi ili umpe ukweli. Unaweza kumwambia kwamba uliandika ulivyotamani iwe, kwa sababu na wewe hukupata kumshika mkono. Kwa mtoto wa miaka 13, kusikia kwamba mama mdogo naye alitamani, naye hakuweza, kunaweza kuwa na uzito kuliko kifo chochote kilichoandikwa vizuri.

Mvulana ni jambo lingine, na hapa nina wasiwasi zaidi kidogo. Yeye alikuwa mdogo sana, ameahidiwa kaburi, na atalidai. Asipoambiwa nyumbani, ataambiwa shuleni au sokoni, na mtu ambaye hatachagua maneno. Watoto wa umri wake wanahitaji maneno machache na ya wazi: mvua ilikuwa kubwa, maji yalimchukua mama, tulimtafuta sana, hatukumpata, amekufa. Usiseme amesafiri wala amelala, kwa sababu anayesafiri hurudi na anayelala huamka. Atauliza tena kesho na keshokutwa, na kila mara atahitaji jibu lile lile. Kama baba yake anaweza kuwepo siku hiyo, ingekuwa vizuri, lakini kama kazi ya Kamituga inamchelewesha, sidhani mtoto asubiri miezi.

Sasa nizungumzie kaburi, kwa maana nadhani ndipo kiini cha hadithi yako kilipo. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss, ambaye miaka mingi iliyopita alianza kwa kukaa na familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, alionyesha kwamba msiba usio na mwili ni msiba wa namna yake. Akili inakataa kufunga mlango, siku moja unamlilia na siku nyingine unageuka ukisikia sauti inayofanana na yake, na majirani wanaokuona hujatulia wanadhani una udhaifu, kumbe ni hali yenyewe isiyoruhusu utulivu. Anachopendekeza hakihusu kusahau wala kumaliza. Anawasaidia watu waweze kuishi na mawazo mawili kwa pamoja, kwamba amekwenda na kwamba hatutajua amelala wapi. Hadithi yako imechagua njia nyingine: imemwosha dada yako, imemvalisha, imemzika. Ninaielewa kabisa hamu hiyo. Pia ninaelewa kwa nini sura ya mwisho inakataa kuandikwa, kwa kuwa ukiimaliza, mazishi yatakuwa yamekwisha.

Zipo njia nyingine za kumpa mahali, ambazo familia yote inaweza kushiriki. Watu waliopoteza ndugu bila kuwaona huweka msalaba au jiwe lenye jina nyumbani au kwenye makaburi ya ukoo, wakasaliwa hapo. Kanuni ya familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inaruhusu mahakama kutamka kwamba mtu amekufa pale alipotoweka katika hali iliyohatarisha maisha yake hata kama mwili haukuonekana; ni karatasi kavu, yenye gharama na safari za kwenda kwa karani, lakini inawafaa watoto baadaye, na kuna watu ambao kuiona kwa macho kumewatuliza. Wengine husafiri hadi mahali penyewe. Hilo la mwisho nisingeliharakisha, kwa ajili ya barabara na usalama wa siku hizi, na kwa sababu sijui wewe mwenyewe utasimamaje pale bila kinasa sauti.

Hapo ninarudi kwako. Unaniambia kwamba usiku unapoandika, unalala. Ningependa kujua: unalala kwa kuwa umetulia, au kwa kuwa umechoka? Na usiku usioandika? Ni kweli kwamba kuandika juu ya maumivu kuna faida. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani waliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walitoka wakiwa na huzuni zaidi kwa wakati ule, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Utafiti huo umerudiwa mara nyingi, na matokeo si sawa kwa watu wote. Lakini tazama tofauti kati yao na wewe. Wao waliandika siku nne wakaacha, wakati wewe unaandika usiku baada ya usiku. Wao walijua kwamba hakuna wa nyumbani atakayesoma, na wewe una mchapishaji anayetajwa na mtoto anayenukuu. Wao waliandika yaliyotokea, na wewe, kwa sababu ninazoziheshimu, umeandika yale ambayo hayakutokea. Alhamisi yenyewe bado haijaandikwa popote, si katika ripoti wala katika daftari.

Sisemi uiandike. Ukiandika saa nane za usiku, peke yako, mvua ikinyesha, inaweza kukurudisha mahali pabaya. Kama siku moja utataka, ningependa iwe mchana, na awepo mtu uliyemwambia kabla, hasa mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Kwa zaidi ya miaka miwili umekosa usingizi, umepoteza hamu ya chakula na ya watu, unakagua mtaro kila wingu linapopita, na sauti yako ya kazi imekukimbia. Huzuni ya kufiwa ina haki yake na haina kalenda, lakini mtu anayeishi hivyo kwa muda mrefu namna hiyo anastahili kuonwa na mtaalamu, na vidonge vya usingizi peke yake havikuwa matibabu. Bukavu tuna SOSAME, ambayo imekuwa ikihudumia wagonjwa wa akili wa mji huu tangu miaka ya 1990. Najua watu wanavyosema juu ya mtu aliyeonekana kwenye lango lile, na najua kwamba wewe utatambuliwa na wengi. Kama hilo linakuzuia, yapo pia mashirika na hospitali zenye wanasaikolojia na wasaidizi wa kisaikolojia wanaozungumza nasi kwa lugha zetu. Kwa mtu mmoja, mazungumzo yanatosha. Kwa mwingine, daktari huongeza dawa. Na kama kutoimaliza sura ya mwisho kumewahi kuja pamoja na wazo la wewe mwenyewe kutokuwepo, usisubiri: siku hiyo hiyo mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, akusindikize kwa daktari, na usilale peke yako.

Labda unaogopa kwamba ukitibiwa, kalamu itakauka. Waandishi wengi wana hofu hiyo. Mimi naona kinyume chake kinawezekana pia: daftari likiondolewa mzigo wa kukulaza usingizi, huenda likapata uhuru wa kuwa kitabu.

Kuhusu kuchoma au kuchapisha, sioni haraka ya lolote kati ya hayo mawili. Kuchoma hakurudishwi nyuma, na isitoshe, ukichoma kurasa za kulia umechoma na za kushoto, ambazo ni mwandiko wa mama wa watoto hawa na si mali yako peke yako. Hata kama wadeni hawatalipa kamwe. Ningekuwa wewe, kabla ya uamuzi wowote ningeinakili hadithi mahali pengine, nikawakabidhi watoto na baba yao daftari lao. Ni kazi ya jioni nyingi, lakini ingetenganisha vitu ambavyo sasa vimekaa jalada moja, na ingemwonyesha shemeji kwamba umesikia sehemu ya lalamiko lake bila kukubali sehemu nyingine.

Kuchapisha ni haki yako. Sheria yetu ya haki za waandishi, ya mwaka 1986, inakuachia wewe uamuzi wa kuitoa kazi yako au kutoitoa. Haki hiyo, hata hivyo, haitakusaidia mezani siku ya sikukuu. Jina la kubuni halitakuficha muda mrefu katika mji ambao watu wanakutambua ukisema jambo tu, na watoto watakuwa darasani na wenzao waliosoma. Kwa upande mwingine, riwaya inayomzika mtu wa Nyamukubi kwa heshima inaweza kuwafikia watu wengi wa Kalehe ambao nao walifanya matanga bila jeneza, na sipendi kulidharau hilo. Msichana atakuwa na miaka 18 baada ya muda mfupi kuliko unavyodhani. Mwenzako wa Goma anaweza kusubiri, na kama kitabu ni kizuri kama anavyosema, hakitaoza.

Kazini, mhariri wako amekuonyesha wema, na wema huo unaweza kuombwa tena kwa umbo lingine. Kabla ya kurudi kwenye taarifa nzima, unaweza kuomba usome kitu kifupi kilichorekodiwa, matangazo ya vifo kwa mfano hapana, lakini bei za soko au habari za michezo, mahali ambapo sauti ikikwama unarudia na hakuna msikilizaji anayejua. Mwambie sababu. Katika chumba chenu cha habari, tangu waasi wa M23 walipouteka mji mapema mwaka 2025, sidhani ni wewe peke yako unayeficha kitu.

Na shemeji. Umeniambia hadithi ina mwanamke, watoto wake, na mdogo wake aliyemshika mkono. Hukuniambia kama mwanamke huyo ana mume. Kama hayumo, soma tena maneno ya shemeji yako ukiwa na hilo akilini: mtu aliyenyimwa jeneza, kisha akafungua daftari akakuta mazishi ambayo yeye hakuhudhuria. Inawezekana ninakosea, na kwamba anaogopa tu aibu ya majirani. Akija tena kutoka Kamituga, kaeni wawili kabla watoto hawajaamka, na usianze na daftari. Mwulize kwanza alikuwa wapi aliposikia habari za Alhamisi ile, nani alimwambia, na alifanya nini saa zilizofuata. Katika barua yako ndefu hilo halimo, na huenda hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.